Namba kubwa, chipu ndogo: kosa si la chipu

Naandika kutoka Hewani, kando ya mto Tana, si mbali na Garsen. Leo nina neno ambalo limenikaa rohoni muda mrefu, na najua baadhi ya mafundi wenzangu hawatalipenda.

Kila kifaa kidogo kinapotoa hesabu ya kichekesho, fundi husema: chipu hii ni ndogo, haiwezi namba kubwa, tununue nyingine yenye nguvu. Nimelisikia Nairobi kwenye maduka ya Luthuli Avenue, nimelisikia Malindi, nimelisikia hapa hapa kijijini. Silikubali. Maikrokontrola ya biti 8 inaweza kushika namba yoyote unayoitaka, hata yenye tarakimu mia moja, mradi ina baiti za kuiweka. Kinachoshindwa ni kisanduku tulichokichagua sisi waandishi wa programu, na mara nyingi tulikichagua bila kufikiri hata dakika moja.

Ushahidi huenda uko ukutani kwako. Ukinunua stima ya tokeni hapa Kenya unaletewa namba ya tarakimu 20. Watanzania wa LUKU wanaijua, Waganda wa Yaka wanaijua pia. Unasimama mbele ya mita, unabonyeza tarakimu moja moja, mita inafikiri kidogo, halafu inakubali. Ndani ya mita hiyo hakuna kompyuta ya maana, kuna chipu ndogo ya bei rahisi. Sasa jiulize: chipu hiyo inaiweka wapi namba ya tarakimu 20?

Biti 32 zinaishia 4,294,967,295, yaani tarakimu 10. Hazitoshi hata kidogo. Biti 64 zinaishia 18,446,744,073,709,551,615, na hapo wengi hushusha pumzi wakidhani tumefika. Hatujafika. Tokeni ni namba ya biti 66, na namba kubwa kabisa ya biti 66 ni 73,786,976,294,838,206,463. Kwa hiyo hata kisanduku kikubwa kuliko vyote ambacho lugha ya C hukupa kwa kawaida hakitoshi kubeba tokeni ya stima ya shilingi mia. Kama huamini kuhusu hizo biti 66, fungua jumbe za zamani kwenye simu yako uangalie tokeni zako zote. Hutapata hata moja inayoanza na 8 wala 9. Haiwezekani, namba zenyewe zinaishia kwenye saba na kitu.

Basi chipu inafanyaje? Inafanya kile ulichofundishwa darasa la pili. Ukijumlisha 27 na 15, saba na tano ni kumi na mbili, unaandika 2, unabeba 1. Mwalimu hakukuambia kwamba kichwa chako ni kidogo mno kwa namba za tarakimu mbili! Alikuonyesha namna ya kuanza na tarakimu ya mwisho na kubeba inayozidi. Kwa chipu ya biti 8, kila baiti ni tarakimu, ila tarakimu yake haiishii 9, inaishia 255. Baiti tisa zikipangwa mstari mmoja ni biti 72, na tokeni inaingia na nafasi inabaki. Kila mtu anapobonyeza tarakimu, unazidisha namba yote kwa 10 na kuongeza tarakimu mpya:

uint8_t n[9]; /* n[0] ndiyo baiti ndogo */

void bonyeza(uint8_t tarakimu) {
  uint16_t beba = tarakimu;
  for (uint8_t i = 0; i < 9; i++) {
    beba += n[i] * 10;
    n[i] = beba & 0xFF;
    beba >>= 8;
  }
}

Basi, mambo yamekwisha. Unaanza na n yote ikiwa sufuri, unaita bonyeza mara 20, na namba iko ndani. Beba haipiti 9 kamwe, fanya hesabu mwenyewe uone: 255 mara 10 ni 2,550, ongeza 9 unapata 2,559, gawa kwa 256, unarudi kwenye 9. Baiti tisa kwenye chipu kama ATmega328P, ile iliyo kwenye Arduino Uno, yenye baiti 2,048 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Nani bado anasema chipu ni ndogo?

Naendelea na tokeni kidogo kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo lilitugusa wote mwaka 2024. Mfumo huu unaitwa STS, ulizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukiondoa biti mbili za kutaja aina ya tokeni, zinabaki biti 64 ambazo zimefungwa kwa siri. Kwenye tokeni ya kawaida, ya kununua stima, ndani yake mna biti 16 za kiasi cha umeme, biti 16 za kuhakiki kwamba hukukosea kubonyeza, biti chache za mambo mengine, na biti 24 za saa, yaani dakika ngapi zimepita tangu tarehe 1 Januari 1993. Saa hiyo ndiyo inayozuia tokeni moja kutumiwa mara mbili, mita inakumbuka zilizoingia na kukataa za zamani.

Biti 24 zinahesabu mpaka dakika 16,777,215. Gawa kwa dakika 1,440 za siku, unapata siku 11,650 na kidogo. Hesabu kutoka 1 Januari 1993 na unaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo hesabu ilirudi sufuri, na mita ambayo haikuwa imerekebishwa ingeona kila tokeni mpya kama tokeni ya kale na kuikataa. Ndiyo maana mwaka 2024 wateja wa Kenya, Tanzania na kwingineko waliletewa namba mbili za ziada za kubonyeza kabla ya tokeni yenyewe. Tarakimu 20, kisha 20, kisha 20. Mama mmoja hapa Garsen alinipa karatasi nimbonyezee, akasema hiyo si tokeni bali ni Qur'an nzima. Watu wengi niliowauliza walijua wabonyeze nini lakini hawakujua kwa nini.

Na kwa nini ziwe mbili na si moja? Jibu ni kisanduku tena. Kazi ya namba hizo ilikuwa kuipa mita ufunguo mpya wa siri na kuiambia ianze hesabu upya kutoka tarehe nyingine, 1 Januari 2014. Ufunguo una biti 64. Ndani ya tokeni ya biti 66, ukishaweka biti za aina na za kuhakiki, ufunguo mzima hauingii. Ukakatwa nusu mbili za biti 32, kila nusu ikapanda tokeni yake, kama mzigo usioingia kwenye mtumbwi mmoja.

Niliwasikia vijana wa kompyuta wakiwacheka waliobuni mfumo ule: eti biti 24, hawakuona mbele? Mimi nawatetea. Tokeni ilitakiwa ibonyezwe na binadamu kwa kidole, biti za ziada huleta tarakimu za ziada, na tarakimu ya ziada ni makosa ya ziada ya mtu anayebonyeza gizani akimulika kwa simu. Walichagua kisanduku kidogo wakijua ni kidogo, siku ya kujaa ikajulikana, na wakaacha mlango wa kutokea. Kisanduku kikadumu karibu miaka 32. Nionyeshe programu yako ya miaka 32.

Ninaowalaumu ni wengine, na hapa nakuja nyumbani.

Huku kwetu watu wanalima mpunga, mahindi, ndizi na maembe kando ya mto. Kikundi kimoja cha wakulima wa hapa kina pampu ya dizeli ya kushirikiana. Anayemwagilia analipia dizeli kulingana na lita alizovuta, na lita zinahesabiwa na kifaa kidogo kilichotengenezwa na fundi mmoja ambaye sitamtaja. Kila lita ni mpigo mmoja unaoingia kwenye chipu. Kifaa kilifanya kazi vizuri zaidi ya mwezi. Halafu siku moja kioo kikagandia kwenye 16777216.00 na hakikusogea tena. Pampu inanguruma, maji yanaingia shambani, kioo kimekauka.

Ile namba uliiona hapo juu, siyo? Ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara 24. Nilipoionyeshwa sikuhitaji kufungua kifaa kujua kilichomo, lakini nilikifungua, na kweli, lita zilikuwa zinawekwa kwenye floti, yaani namba yenye nukta inayohamahama. Floti inachukua baiti nne. Katika biti zake 32, biti 8 zinatumika kusema nukta iko wapi na moja kusema kama namba ni hasi. Usahihi wake ni wa biti 24. Mpaka 16,777,216 inahesabu moja moja bila tatizo. Hapo ukiijumlishia 1, jibu linalotakiwa ni 16,777,217, ambalo floti haiwezi kuliandika, kwa hiyo inachagua la jirani, na la jirani ni lile lile ulilokuwa nalo. Ukiongeza moja mara milioni, unabaki pale pale. Kuandika double badala ya float hakusaidii kwenye Arduino Uno, huko majina mawili ni kitu kimoja.

Sasa fanya hesabu ya fundi. Pampu ile inatoa kama lita 15 kwa sekunde. Lita 16,777,216 ni saa 310 hivi za kuvuta, na kwa saa nane kwa siku ni siku 39. Angetumia namba kamili isiyo na alama, unsigned long, ambayo nayo ni baiti nne zile zile, ingejaa baada ya saa 79,536. Kwa saa nane kila siku bila kupumzika hata Idi na Krismasi, hiyo ni miaka 27. Baiti nne kwa baiti nne, siku 39 kwa miaka 27! Hakuna senti ya ziada, hakuna chipu ya ziada, ni neno moja tu kwenye programu. Na kama angetumia baiti mbili, kifaa kingerudi sufuri kila baada ya dakika 73, na nakwambia kweli, hiyo ingekuwa afadhali, maana kosa lingeonekana siku ya kwanza.

Ubaya wa kosa linalosubiri siku 39 ni kwamba watu wameshakiamini kifaa. Kilipoganda, hakuna aliyesema kifaa kimeharibika. Walisema kijana wa zamu amekichezea. Wakulima watatu walikuwa wamemwagilia baada ya hapo na wote walisomeka wamevuta lita sufuri, na wale waliokwisha kulipa wakataka kujua sufuri hiyo imenunuliwa kwa shilingi ngapi. Kijana alikaa siku mbili akisemwa. Mwishowe kilichomwokoa ni daftari la dizeli, mambo ya kalamu na karatasi, ambapo saa za kila mtu ziliandikwa. Wakagawana kwa saa. Fundi alipopigiwa simu, jibu lake mnalijua: chipu ni ndogo, lete pesa tununue kubwa.

Chipu kubwa ina kazi zake, sikatai. Nina ESP32 mezani na naipenda. Lakini ukihamisha floti ile ile kwenye chipu ya biti 32, itaganda kwenye lita ile ile, siku ya 39, bila huruma. Hii ndiyo sehemu ambayo nataka kila mwanafunzi wa kompyuta aikariri: kuganda huko hakuna uhusiano wowote na ukubwa wa chipu.

Kuna kosa jingine ambalo huku mtoni linaweza kuua mtu. Wengi wanajaribu kutengeneza vipimo vya kina cha mto, jambo zuri, kwa sababu Masinga na ndugu zake wakijaa na kumwaga kule juu, maji yanakuja kwetu siku kadhaa baadaye, na tuliyaona mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024. Mstari unaoandikwa karibu kila mara ni huu:

int kina = analogRead(A0) * 500 / 1023;

Kipima kinasoma 0 mpaka 1,023, mto ni 0 mpaka sentimita 500. Hesabu ni sahihi kabisa kwenye karatasi. Kwenye chipu ya Uno, int ni biti 16 na inaishia 32,767, na kuzidisha kunafanyika kabla ya kugawa. Kipima kikisoma 66, zao ni 33,000, limeshapita ukingo. Mto uko sentimita 32, kifaa kinasema hasi 31. Hiyo angalau inachekesha, mto wenye kina hasi. Sasa endelea mpaka 132: zao ni 66,000, linazunguka na kuwa 464, ukigawa unapata sufuri. Mto umepanda sentimita 64 na kifaa kinatangaza kwamba mto ni mkavu. Kila jibu la mwisho lilikuwa dogo, 500 tu, lingeingia popote. Namba kubwa ilikuwa katikati ya hesabu, ilipita kama sekunde ya mwizi, na hakuna aliyeiona. Dawa ni herufi moja, andika 500L badala ya 500. Herufi moja!

Vipimo navyo vina la kusema hapa. Masinga likijaa lina mita za ujazo 1,560,000,000. Namba hiyo inaingia kwenye biti 32 bila shida. Igeuze kuwa lita, ni trilioni moja na nusu na zaidi, haiingii kabisa. Ni maji yale yale. Kabla ya kulilia biti, uliza kama unahitaji lita.

Jambo la haraka kwa wale wanaohesabu mipigo kwa katizo: kwenye chipu ya biti 8, namba ya baiti nne inasomwa kwa vipande. Kama hesabu iko 255, umeshasoma baiti ndogo ambayo ni 255, na kabla hujasoma inayofuata mpigo ukaingia na hesabu ikawa 256, utasoma 1 kwenye baiti ya pili. Ukiziunganisha unapata 511, namba ambayo haijawahi kuwapo. Zima makatizo kwa noInterrupts, nakili namba pembeni, yawashe tena kwa interrupts. Sitalirefusha.

Msidhani haya ni ya mafundi wa vijijini peke yao. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme na kuwashwa upya, kwa sababu kihesabio ndani ya vidhibiti vya jenereta zake kingejaa baada ya siku 248 za kuwaka mfululizo na kuweza kuzima umeme wote wa ndege. Siku 248 ni mbili mara yenyewe 31, kwa sekunde zilizogawanywa mara mia. Watu wenye maabara na mishahara minono, kisanduku kile kile.

Ninachotaka ni kitu kidogo, na nakitaka kwa ukali. Kila kifaa kinachohesabu pesa, maji, stima au kina cha mto kiwe na karatasi imebandikwa ndani ya mfuniko: kisanduku kina biti ngapi, kinahesabu nini, kitajaa tarehe gani, na kikijaa kitafanya nini. Mistari minne. Fundi asiyeweza kuiandika hajui alichokitengeneza, na kikundi kisimlipe mpaka aiandike. Najua mtasema nawabana vijana wanaojitafutia riziki. Ndiyo, nawabana. Yule wa zamu ya pampu naye alikuwa kijana anayejitafutia riziki.

Kwa tokeni, hesabu za 2014 kwa biti zile zile 24 zinajaa tarehe 24 Novemba 2045. Kwa vifaa vinavyoshika saa kwa sekunde tangu 1970 katika biti 32 zenye alama, siku yao ni 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Vifaa vya namna hiyo vinauzwa hadi leo, na pampu hudumu.

Kile kifaa cha pampu nimekiandikia programu upya kwa namba kamili, na karatasi iko ndani ya mfuniko. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaeleza namna ya kuitoa namba ya baiti tisa na kuionyesha kwenye kioo kwa tarakimu za kawaida, maana kuigawa kwa kumi ni kazi kuliko kuizidisha. Aliye na mita ya kizamani iliyokufa asiitupe, aniletee Garsen nikaifungue.